Nyumba Isiyoruhusiwa Kukaa

Swali langu ni moja, na nitaliuliza mpaka mtu anijibu au anifukuze: mtu aliyekatazwa kukaa anaishi wapi?

Nauliza nikiwa nimeegemea ubavu wa tela letu. Bati limeshika joto, na ndani mama yangu anakohoa. Tela hili ndiyo nyumba yetu. Lina kuta za bati lililowahi kuwa jeupe, sakafu ya mbao, dirisha moja la kioo na jingine la turubai, mlango mpana upande wa nyuma, na magurudumu mawili katikati, moja kulia, moja kushoto. Magurudumu ndiyo yanayotuweka hapa. Kwenye Uwanja huu hakuna mwenye nyumba, kuna wenye magurudumu tu, na ukitaka kumtukana mtu mpaka alie unamwambia kwamba tairi lake limezama.

Matela yamepangwa mduara, kila moja likitazama mgongo wa jingine, kama ng'ombe walioambiwa kuna maji mbele. Katika mduara huo pana nafasi moja tupu, moja tu. Msimamizi akipiga rimu ya gari lililokufa, tela lililo nyuma ya nafasi hiyo linasukumwa na kuingia humo, likiacha nafasi tupu nyuma yake; linafuata la pili, linafuata la tatu, mpaka mduara mzima umesogea hatua moja ya nyumba. Hilo ndilo Sogeo. Mwenye Uwanja, ambaye hakuna aliyewahi kumwona, amesema kwamba kinachosogea ni chombo, na chombo kinaweza kuvumiliwa. Kilichokaa ni nyumba. Nyumba inataka ardhi, na ardhi ni yake. Kwa hiyo tela likishindwa kuvuka mstari wa chokaa uliochorwa mbele yake siku ya Sogeo, linatangazwa kuwa limekaa. Magurudumu yanafunguliwa, bati linakunjwa, na waliokuwamo wanatolewa langoni na kile wanachoweza kushika mikononi. Nje ya lango kuna ukungu mweupe unaofanana na maziwa yaliyotiwa maji. Sijaona mtu akirudi kutoka humo kutuambia kama kuna watu.

Utauliza tunafanya nini mahali kama hapa. Tuko hapa kwa sababu hapa ndipo posho ya mama inapofika. Mama alifagia barabara za jiji fulani maisha yake yote, na jiji hilo, kwa shukrani zake, humletea gunia la unga. Kila mara gunia linakuja dogo kuliko lililopita. Lilianza likibebwa na wanaume wawili. La juzi nililivaa kichwani kama kofia, nikacheka, mama naye akacheka. Mimi naziba matundu ya mapaa ya watu kwa lami na kushona maturubai yao. Wananilipa kwa kile walichonacho, na walichonacho mara nyingi ni ahadi.

Kuna jambo jingine kuhusu Uwanja ambalo mgeni hulishika polepole. Mahali pana kumbukumbu. Ukisogea unaingia pale alipokuwa mwenzako, na ukilala hapo unalala juu ya yote aliyoyaacha. Tulipoingia mahali ambapo jirani yetu Havijawa aliwahi kulala katika mzunguko wa zamani, niliamka nikiwa na hasira na mumewe Kombo, mwanaume ambaye hajawahi kunikosea. Nilijua anakoroma upande gani, nikajua na alichowahi kumwambia Havijawa siku ya msiba. Mahali pengine mama alimkumbuka mtoto ambaye hakumzaa. Masika yote yale aliniita kwa jina la mtoto huyo, na mimi niliitika, kwa sababu huyo aliyeitwa alikuwa anapendwa kuliko mimi. Sogeo lililofuata tulipoondoka hapo alinitazama akasema, "Kumbe ni wewe, Siwema," na sauti yake ilikuwa na uchovu wa mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa amekwisha kuzoea kukikosa.

Hivyo swali langu lina mkia. Mtu aliyekatazwa kukaa anaishi wapi, na ni nani anayeishi humo?

*

Leo rimu imelia jua likiwa bado chini. Msimamizi, Bwana Tindwa, huipiga siku akiamka vibaya. Hatuna kalenda nyingine zaidi ya usingizi wake. Mara moja Uwanja wote ukaanza kuanika. Kila nyumba hutoa vitu vyake vyote nje ili tela liwe jepesi, na kwa saa chache kila mtu huona umaskini wa kila mtu ukiwa umetandazwa juani: masufuria yaliyotoboka, magodoro yenye ramani za mikojo, picha za harusi, kiatu kimoja kimoja. Watoto hupita wakichungulia. Wakubwa hujifanya hawatazami, kisha wanasengenya mpaka Sogeo lijalo.

Nilitoa vyetu. Havikuchukua muda. Mama peke yake ndiye aliyebaki ndani, kitandani, nyuma kabisa karibu na mlango ambapo hewa ni nzuri. Miguu yake imeacha kazi. Desturi inasema aliyekanyaga nyasi siku ya Sogeo ni msukumaji, na asiyeweza kusukuma haruhusiwi kukanyaga; kwa hiyo wagonjwa husogea wakiwa wamelala, kama mizigo yenye majina.

Nikachukua kopo la mafuta ya kukaangia yaliyochacha, ambayo ndiyo grisi yetu, nikajiingiza chini ya tela kupaka ekseli. Kwanza sikuelewa nilichokiona. Gurudumu la kushoto halikuwepo. Mahali pake palikuwa na udongo mwekundu uliopanda kutoka ardhini kama mkono, ukalishika tairi, ukalifunika mpaka tumboni. La kulia vilevile. Mchwa walikuwa wamejenga kichuguu chini ya nyumba yetu.

Nikakigusa. Kilikuwa na unyevu. Huu ni wakati wa kiangazi, ardhi yote ya Uwanja imepasuka kama visigino, na kichuguu hiki kilikuwa kimelowa kama kinanyweshwa. Nikanusa vidole vyangu. Harufu niliijua kabla akili haijakubali kuijua. Ulikuwa uji wangu. Nilibaki nimelala kifudifudi chini ya nyumba yangu, vidole puani, na juu yangu mama akakohoa, na kikohozi kikapita kwenye mbao, kikapita kwenye udongo, kikaniingia kifuani.

Nikatoka nikaingia ndani.

"Mama."

"Nini tena?"

"Uji ninaokupikia unakwenda wapi?"

"Unakwenda unakokwenda uji."

"Chini ya kitanda?"

Mikono yake ilikuwa juu ya kanga, myembamba, na ghafla nikaiona jinsi ilivyo. Wakati wote ule nilidhani ugonjwa ndio unaomla, nikawa namwongezea kutoka kwenye bakuli langu, naye alikuwa akishukuru, akisubiri nitoke, akainama na kuimwaga posho yake yote kwenye tundu la sakafu.

"Wamefika wapi?" akauliza.

"Akina nani?"

"Mchwa. Kushoto najua, nawasikia wakitembea. Kulia wamefika wapi?"

"Mama, rimu imelia. Wakitukuta hatujavuka wanatutoa leo hii."

"Watamtoa nani? Mimi watanitoa na udongo wangu."

"Huna udongo! Hakuna mwenye udongo hapa!"

"Siwema, usinipigie kelele kama unafukuza kuku." Alivuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena. "Nimefagia njia za watu maisha yangu yote. Njia, mwanangu. Hakuna anayekaa njiani. Nilikuwa nafagia pale watu wanapopita ili wapite vizuri zaidi. Sijawahi kufagia ua wangu. Nataka nife mahali."

"Kila mtu anafia mahali."

"Mzee Ngwali alifia wapi?"

Mzee Ngwali alifariki wakati tela lake likiwa katikati ya kusukumwa, nyuma ametoka, mbele hajaingia. Wasukumaji walibishana sana, huyu akisema azikwe kule, yule akisema kule si kwake tena. Mwishowe wakamzika pale walipochoka kubishana, na Sogeo lililofuata hakuna aliyekumbuka ni wapi.

"Mimi sitazikwa pale watu walipochoka," alisema mama. "Ardhi imekuja yenyewe kutushika. Umewahi kushikwa na kitu chochote, wewe? Kitu chochote kikakushika kisikuachie?"

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilikuwa nimemshika yeye. Badala yake nikauliza kama mchwa wako chini ya magurudumu tu, au wamefika pengine pia.

"Pengine wapi?" akasema, akavuta kanga iliyoning'inia kutoka kitandani mpaka sakafuni, akailaza vizuri.

Sikuinua kanga ile. Naandika hili polepole ili lionekane. Uvungu wa kitanda cha mama ni wa mama. Humo anaweka kopo lake la usiku, vitu vyake vya ujana wake na baba yangu, na sanda yake aliyojinunulia mwenyewe. Mtoto aliyelelewa hachungulii uvungu wa mama yake, hata nyumba ikiungua. Heshima ilisimama kati yangu na kanga ile, nami nikaitii, nikachukua jembe.

*

Nilivunja kichuguu. Kila pigo la jembe mama aliguna juu yangu kama ninampiga yeye. Askari wa mchwa walitoka na vichwa vyao vyekundu, wakanipanda miguuni, wakauma wakakatika wakiwa wameng'ang'ania. Ndani ya udongo kulikuwa na vyumba. Vingi, vimepangwa, vina dari, vina njia za hewa, na sikuweza kujizuia kufikiri kwamba hawa wadudu, kwa uji wa mwanamke mmoja, walikuwa wamejenga kile ambacho sisi hatujaruhusiwa hata kukiota. Nikaendelea kuvunja. Nilivunja mpaka tairi la kushoto likatoka, nikavunja mpaka la kulia likatoka, nikayapaka mafuta. Kisha nikaenda kupika.

Sheria ya mikono ni hii: huwezi kusukuma tela la mtu usipokuwa umekula ndani yake tangu Sogeo lililopita. Nasikia iliwekwa ili kuzuia watu wasifanye kusukuma kuwa biashara. Matokeo yake ni kwamba mwenye chakula ana mikono mingi na tela lake huvuka likikimbia. Asiye na chakula husukuma peke yake, tela linashindwa, na Msimamizi anatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Zamani, gunia la mama lilipobebwa na wanaume wawili, nusu ya mduara ilikuwa inakula kwetu. Leo nilikung'uta mfuko wa unga mpaka ukabaki kitambaa, nikapata ugali wa ukubwa wa ngumi.

"Hodi, shoga!" Ilikuwa sauti ya Havijawa. "Tumekuja kula, tusije tukashtakiwa kwa wema."

Tela lao ndilo lililo nyuma yetu, na leo nafasi tupu ilianzia mbele yao, kwa hiyo wao walitangulia kusogezwa, sisi wa mwisho. Ndivyo ilivyotokea mara hii, mduara wote ulikuwa umekwisha kusogea na nafasi tupu ilikuwa imebaki mbele yetu sisi tu. Siku ya Sogeo mbele na nyuma huchanganyika kichwani. Waliingia wawili, Havijawa mwembamba mwenye mdomo, na Kombo mumewe, mabega kama kabati, akiinama ili asigonge dari.

"Shikamoo, mama," Kombo alisema.

"Marahaba, baba. Kula kidogo, usisukume."

"Anatania," nikasema.

"Sitanii."

Kombo alitazama ugali, akanitazama mimi, akamega kipande kisichozidi ukucha. Havijawa akatoa fundo dogo la chumvi kwenye ncha ya kanga yake, akanyunyiza.

"Wewe mwanaume, tafuna vizuri," alimwambia mumewe. "Hicho ndicho kitakachosukuma nyumba."

"Hiki? Hiki hakisukumi hata mlango."

"Basi sukuma kwa uso huo uliokuja nao bure."

Mama alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuisha. Havijawa alimshika mgongo. Nilipowaona vile, nilisahau kwa kitambo ni nani kati yao ni mama yangu, na ni nani kati yetu anayeumwa.

Bwana Tindwa alifika na taulo begani na kijiti cha kupigia rimu. Yeye si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Ana tela lake nje ya mduara, halina magurudumu kabisa, limekaa juu ya mawe na kuota majani, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mmekula?" akawauliza.

"Tumekula, bwana Msimamizi."

"Mmekula nini?"

"Ugali."

"Kwa nini?"

"Kwa njaa," alisema Kombo.

"Nauliza kwa mboga gani."

"Kwa chumvi," akasema Havijawa.

"Chumvi ya nani?"

Havijawa aliificha ncha ya kanga. Bwana Tindwa aliona, akakunja uso, akafikiri kwa bidii, na mimi nilisimama pale nikijua kwamba maisha yetu yamefika kwenye punje za chumvi. Ikiwa chumvi ni ya Havijawa, basi amekula chakula chake mwenyewe ndani ya nyumba ya mwingine, na mkono wake haufai.

"Chumvi ilitoka kwa jasho lake alipokuwa akitafuna," mama alisema kutoka kitandani. "Humu mna joto, bwana. Njoo ulale wewe uone."

Msimamizi alicheka kabla hajajizuia. "Haya. Mikono mitatu imekubaliwa. Sukumeni."

*

Tulijipanga nyuma, Kombo pembe ya kulia, Havijawa pembeni mwake, mimi pembe ya kushoto, mlango ukiwa wazi katikati yetu, na ndani ya mlango, karibu kiasi cha kumgusa, uso wa mama. Hakunitazama. Alikuwa ametazama dari na midomo yake ilikuwa inakwenda.

Sukuma. Tela halikuitika. Sukuma. Nani anasukuma? Mikono hii niliizoesha lami na sindano, na bado nikiitazama naona ya mama ikiwa na ufagio, ya bibi ikiwa na mchi, ya mtu nisiyemjua ikiwa na kamba. Sukuma. Ikiwa nyumba ni pale unaporudi, na sisi haturudi, tunakwenda mbele tu, mbele katika duara, basi mbele yetu ni nyuma yetu na hakuna aliyewahi kuondoka. Sukuma. Kwa nini basi tunatoka jasho? Ni nani anayelila jasho hili huko alipo, na je, naye amekatazwa kitu? Sukuma. Magurudumu nimeyafukua kwa mikono yangu, nimeyaona yakizunguka yakiwa huru, kwa nini nyumba haiendi?

"Kuna kitu kimeishika!" Kombo alipiga kelele.

"Sukuma, mume wangu, acha hotuba!"

"Nakwambia kuna kitu ndani!"

Nikamtazama mama. Sasa alikuwa ananitazama. Macho yake hayakuwa na hasira wala kiburi; yalikuwa yanaomba, waziwazi, kama mtoto anavyomwomba mtu mkubwa asizime taa. Na mimi, nikiwa nimeelewa, nikiwa najua kabisa sasa kilichoko nyuma ya kanga ile, nilifanya hesabu ambayo maskini huifanya haraka kuliko mtu yeyote. Nyumba ikivuka, nitapata pa kumlaza. Isipovuka, wote tunaingia ukunguni. Niliweka bega kwenye bati, nikafumba macho, nikasukuma kwa nguvu zangu zote.

Kulikuwa na mlio kama wa gunia kubwa linapopasuliwa. Tela liliruka mbele, sisi watatu tukaanguka kwa magoti, likabingirika lenyewe, jepesi kuliko lilivyowahi kuwa, likavuka mstari wa chokaa na kusimama katika nafasi yake mpya. Uwanja ukapiga makofi. Mtu mmoja alipiga vigelegele.

Havijawa hakupiga makofi. "Siwema," alisema. "Mama yako."

Nyumba ilikuwa imevuka bila sakafu. Sakafu ilibaki. Kutoka ardhini ulikuwa umesimama mwili mwekundu wa udongo, mnene, wenye mbavu, na juu yake mbao zetu zilizoliwa zikawa laini kama mkate, na juu ya mbao kitanda, miguu yake yote ikiwa imefunikwa na udongo mpaka magotini, na juu ya kitanda mama. Mlango ulimpitia. Alitoka nyumbani bila kuinuka. Jua lilimpiga usoni kwa mara ya kwanza tangu masika, na alikuwa ameketi, mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akiketi bila mkono wangu mgongoni.

"Hapa," alisema. Hakusema zaidi.

Nilikimbia. Kijiti cha Msimamizi kilinizuia kifuani.

"Subiri, dada. Subiri nifikiri." Alitazama mstari wa chokaa. "Nyumba imevuka. Hilo nimeliona kwa macho yangu, nyumba ni salama. Lakini yeye amekaa."

"Ni mgonjwa!"

"Sheria inasema kilichokaa kitolewe."

"Basi mtoe!"

Alikwenda mpaka kitandani, akashika chuma, akavuta. Udongo haukusikia. Mchwa walitoka wakampanda mikononi, akaruka nyuma akijipangusa kwa taulo. Mama alimtazama kwa huruma.

"Itabidi nimuulize Mwenye Uwanja," alisema Msimamizi.

"Umewahi kumwona?" nikamuuliza.

"Sijawahi kuwa na swali."

Akajikaza, akapandisha sauti ili mduara mzima usikie. Mpaka jibu lifike, hakuna kumgusa yule mama, hakuna kumlisha, hakuna kumwekea kivuli. Atakayesimama naye atahesabiwa kuwa amekaa naye, na nyumba yake itakunjwa. Na rimu ikilia tena, tela la nyuma litasogea mahali pake kama kawaida, kuwe na mtu, kusiwe na mtu.

Tela la nyuma lilikuwa la Havijawa na Kombo. Walitazamana. Kombo alikaa chini kwenye nyasi, akashika kichwa.

Nilisema, "Kombo, nirudishieni nyumba nyuma. Hatua moja tu. Nimfunike."

"Kurudi nyuma hakuna, dada, unajua." Hakuweza kunitazama. "Wanatutoa wote."

"Mmekula kwangu!"

"Tumekula, Siwema. Tumekula."

Jua lilikuwa limepanda. Mama alijifunika kanga kichwani, kanga ikawa fupi, miguu yake ikabaki wazi, na nikaiona ikianza kung'aa kama kitu kinachokaangwa. Nikamgeukia Msimamizi.

"Sheria inakataza kusukuma mbele?"

"Mbele?"

"Mbele. Baada ya Sogeo kwisha. Nje ya foleni. Kuzunguka mduara wote, mpaka nifike tena hapa kwa nyuma."

"Haikatazi," alisema hatimaye. "Hakuna aliyewahi kutaka."

*

Niliingia ndani ya nyumba isiyo na sakafu. Nyayo zangu zilikuwa juu ya nyasi, kuta zikinizunguka, bati juu ya kichwa changu. Nikashika vyuma viwili vya chini vilivyokuwa vimebeba sakafu, nikavisukuma kwa kiuno na mapaja, na nyumba ikaenda. Polepole, ikiguna, ikaenda. Nikaitoa kwenye mstari, nikaipeleka nje ya mduara, nyuma ya migongo ya matela mengine. Sikumwita mtu. Nyuma nilimsikia Havijawa, amesimama mbali na kitanda kwa umbali wa usalama, akianza kuongea kwa sauti kubwa: "Mama Siwema! Kuongea hakujakatazwa bado, au vipi? Nikusimulie alichofanya Kombo siku ya msiba?" Na mama akajibu kitu, na sauti yao ikaanza kupungua kila nilivyosogea.

Sikujua jinsi itakavyokuwa kupita kando ya mahali pa watu bila kulala. Mahali palinikamata pakaniachia, pakanikamata. Hapa nilikuwa bibi harusi nikisubiri mtu asiyekuja. Hapa nilikuwa mwizi wa kuni. Hapa nilikuwa na watoto saba nikiwagawia kiazi kimoja, na nilipotoka hapo mikono yangu iliendelea kugawa. Niliogopa. Niliogopa kwamba nikifika nusu ya mduara nitakuwa nimekuwa watu wengi mno, nitafika mbele ya kitanda kile nikauliza, huyu ni nani? Nikaanza kulitaja jina lake. Mgeni. Mama yangu anaitwa Mgeni. Mgeni anakohoa, Mgeni anafagia, Mgeni ana jua usoni. Sukuma. Nyasi zikapita chini ya nyayo zangu. Majivu ya moto wa mtu. Kipande cha kioo. Sukuma. Mgeni.

Tairi la kushoto lilianza kupumua. Nilisikia hewa ikilitoka, kwa sauti nyembamba, na nyumba ikaegemea upande mmoja, ikaniegemea mimi. Bega langu likawa gurudumu. Jua halikuwa limesogea, au lilikuwa limezunguka likarudi palepale. Sikuwa na namna ya kujua, ndani ya bati kuna saa moja tu nayo ni joto. Nikasukuma nikiwa nimeinama kiasi kwamba sikuona mbele, niliona ardhi tu, na ardhi ilikuwa imepasuka, na katika nyufa zake mchwa walikuwa wakipita wamebeba punje za udongo uliolowa, wakienda njia yangu, wakinipita.

Kisha kwa hatua moja mahali pa mama palinikamata, nikawa kitandani. Sikuota. Nilikuwa nimeketi juu ya kitu kilichonishika, miguu yangu ikiungua, kanga haifiki, na koo langu lilikuwa na kikohozi ambacho si changu. Mbele yangu palikuwa na mduara wa migongo ya matela, hakuna hata uso mmoja. Mwanamke fulani alikuwa akiniongelesha kwa mbali juu ya mume wake, na alikuwa analia huku anachekesha. Na kule, nje ya mduara, mbali sana, niliona tela moja dogo limeegemea upande, miguu miwili ya binadamu ikitembea chini yake. Nilikaza macho. Mwanga ulikuwa mkali. Sikuweza kujua kama linakuja au linakwenda.

Nikaita kwa sauti yote iliyobaki, "Siwema! Sukuma!"

Sijui kama niliita au niliitwa. Nikasukuma.